Tiketi Namba Themanini na Tatu

Mume wangu Ottorino hapigi picha za watu waliosimama. Waliosimama waende studio, wakae kwenye kiti cha mahameri, waambiwe wainue kidevu. Yeye hupiga wanaotembea. Kila Jumapili, misa ya saa tano ikimalizika, Bologna nzima hutoka kutembea chini ya matao ya Pavaglione, baraza refu la katikati ya mji. Wanafika mwisho, wanageuka, wanarudi, wanawasalimia upya watu waliowasalimia dakika kumi zilizopita. Ottorino hutembea kinyumenyume mbele yao, kamera kifuani. Anabonyeza, anawapa tiketi yenye namba, anahamia kwa wengine. Anayeitaka picha yake huleta tiketi dukani kwetu kuanzia Jumanne. Asiyeitaka, shauri yake. Jumamosi jioni, kabla ya kufunga, zilizobaki nazitia ndani ya jiko.

Kuzisafisha ni kazi yangu mimi. Nilisomea biashara nikapata stashahada, baba akidhani nitakuwa karani wa benki, nikaolewa na mtu wa kamera. Sijuti. Benki wanaona saini za watu. Mimi nawaona watu wenyewe. Najua nani ameanza kuchechemea na nani ana mimba ambayo mama yake hajaambiwa. Zamani nilikuwa nayasema. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimpongeza mwanamke mmoja sokoni kwa jinsi kofia yake ya manyoya ilivyotoka vizuri kwenye picha aliyopigwa pamoja na mumewe. Hakuwa na kofia ya manyoya. Kesho yake mume alikuja dukani na plasta shavuni, akanitazama tu. Tangu hapo nina sheria: ninachokiona kwenye trei ya dawa hakitoki chumba cha giza mpaka mwenyewe alete tiketi.

Kwa hiyo Jumatatu ile ya Novemba, watoto wakiwa shule, nilikuwa na furushi la picha za Jumapili na taa nyekundu juu ya kichwa. Karatasi ikiingia kwenye dawa, vyeusi hutangulia. Kwanza ilitokea kofia. Kisha koti zito la kiume. Ubavuni mwa koti kukawa na kitu cheupe, koti la mwanamke la rangi ya maziwa, na mkono wa mwanamke huyo umepita kwenye kiwiko cha mwenye kofia. Nyuso huja mwisho. Ulipokuja wa mwanamume, ulikuwa wa baba yangu.

Alikuwa anacheka. Mzee Nerio, ambaye jino lake la mbele lilitoka mwaka ule mama alipougua, na ambaye tangu hapo akitaka kucheka huweka kiganja mdomoni, na baadaye akaona ni rahisi zaidi kutocheka. Hapa alikuwa ameachia mdomo wazi, pengo lote nje, mbele ya waumini waliotoka misa.

Nilisimama nikitazama mpaka karatasi ikaiva kupita kiasi na kuwa nyeusi. Miaka kumi na mitatu ya kazi, sijawahi kuunguza karatasi hivyo. Nikaiweka pembeni, nikasafisha nyingine, na safari hii nikatazama ukosi wa koti.

Kifungo hakikuwepo.

Kifungo cheusi cha msiba nilikishona mwenyewe kwenye koti lake la Jumapili, siku ya tatu baada ya kumzika mama. Hiyo ni miaka minne. Kila Jumapili baba hutoka nyumbani kwangu na kifungo hicho, akisema anakwenda klabu kucheza karata, na hurudi nacho. Nilifuta mikono, nikapanda chumbani kwake, nikafungua kabati. Koti lilikuwa limetundikwa, kifungo mahali pake. Nikageuza ukosi. Uzi wangu haukuwepo. Kilikuwa kimeshikwa kwa pini.

Niliposhuka nilimkuta Ottorino anakata karatasi.

"Namba themanini na tatu ni nani?"

"Nani?"

"Usiniulize nani. Ulimpiga baba picha jana, ukala naye mchana, ukamsogezea jibini, na hukusema neno."

Aliweka kisu chini taratibu. "Kinachoonekana kazini hakitoki mpaka mwenyewe alete tiketi."

"Usinirudishie maneno yangu."

"Nikurudishie ya nani, Argia? Nyumba hii haina maneno mengine."

"Na yule mwanamke?"

"Alete tiketi," akasema, na akachukua tena kisu chake.

Niseme wazi. Hapa kwetu, mwanamume na mwanamke wakishikana viwiko mtaa mwingine wowote, wanaogopa kuteleza. Wakishikana chini ya Pavaglione Jumapili baada ya misa, wametangaza. Wasichana wetu huwakatalia wachumba kiwiko hata mwaka mzima kwa sababu hiyo. Kwa hiyo baba hakuwa ametoka kununua gazeti.

Sikukasirika kwa ajili ya mama. Mama angemwambia avue kifungo mwaka wa kwanza, maana alichukia vitu vyeusi, alisema vinaonyesha unga. Nilichokasirikia ni kwamba mtu anayekula mezani kwangu kila siku alikuwa na furaha mahali fulani, na hakuniletea hata kipande.

Mchana huo nilimtazama anavyokunywa supu. Alimega mkate, akawagawia wanangu upande wenye ganda gumu kama kawaida. Mimi ni mtu niliyemwambia padri usoni kwamba mahubiri yake yanawalaza watu. Nilifungua mdomo nikasema, "Baba, nikuongezee chumvi?"

"Imetosha, mwanangu."

Basi. Nikasema moyoni: sheria ni sheria, alete tiketi.

Jumanne hakuleta. Jumatano aliyeingia dukani alikuwa Norma, jirani yangu anayekanda tambi duka la pili, unga mpaka viwikoni, na furaha ya mtu mwenye habari.

"Argia! Sasa nikuiteje? Binti wa bwana harusi?"

"Niite mwenye duka. Una tiketi?"

"Tiketi sina, macho ninayo. Mzee Nerio na Zaira, mchana kweupe! Mimi nilikuwa nyuma yao na dada yangu, tukasahau hata kusengenya wengine."

"Zaira gani?"

"Ala! Hujui? Wewe unayejua nyusi za mji mzima?" Alikaa kwenye kiti cha wateja bila kuambiwa. "Zaira anayeunga soksi. Yule mjane, anakaa kwenye kidirisha cha dobi mtaa wa Clavature. Mikono yake, sikiliza, unampa soksi ya nailoni imefumuka kutoka goti mpaka kisigino, anakurudishia huoni ilipofumuka. Mwezi wa Juni alivua nguo nyeusi. Nikamwuliza, Zaira, umechoka kufiwa? Akaniambia, hapana, nimechoka kuulizwa."

Sikutaka kucheka, nikacheka.

"Ah, amecheka!" Norma akasema. "Basi nikupimie unga wa watu wangapi Jumapili?"

"Toka, Norma. Unamwaga unga kwenye kaunta yangu."

Alhamisi asubuhi nilichukua soksi yangu nzuri, ile ya ubatizo na mazishi, nikaivuta uzi kwa makusudi mpaka ikafumuka kiganja kizima. Siendi kwa mtu wa kazi bila kazi.

Alikuwa amekaa kama Norma alivyosema, nyuma ya kioo, taa ndogo begani, soksi ya mtu imevalishwa bilauri na yeye anaokota nyuzi moja moja kwa kindoano chembamba kama unywele. Mwanamke wa miaka sitini hivi, uso mpana, miwani imeteremka puani. Nilisogeza soksi yangu mbele yake. Aliishika, akaigeuza kwenye mwanga.

"Hii haikunasa mahali," akasema. "Hii imevutwa."

"Bahati mbaya."

"Bahati mbaya huacha fundo. Kaa, Argia."

Nikakaa. Nini kingine ningefanya?

"Amekuonyesha picha yangu?" nikauliza.

"Ya nini? Kidevu hicho nakijua. Kila Jumapili nakiona chini ya kofia ya baba yako." Alikwisha kuivalisha soksi bilauri na kuanza. Hakuwa mtu wa kusimamisha mikono ili aongee. "Umeiona picha?"

"Nimeiona."

"Nimetokaje?"

Swali hilo sikulitegemea. "Vizuri," nikasema, kwa sababu ilikuwa kweli. "Koti jeupe lina shida, linameza mikunjo yake, lakini umetoka vizuri."

"Tulipita mara tatu, unajua? Mara ya kwanza mumeo alituona akapiga picha ya mbwa. Mara ya pili akapiga nguzo. Nguzo, mwanangu! Mara ya tatu baba yako akasimama mbele yake, watu wote wanatugonga mgongoni, akamwambia, Ottorino, fanya kazi yako. Ndipo nikacheka, na yeye akacheka, na mumeo akabonyeza."

Ottorino hajawahi kupoteza filamu kwa nguzo maisha yake yote.

"Kwa hiyo alitaka nione."

"Alisema, Argia huona kila mtu anayetembea mji huu. Kwa mdomo siwezi, basi anione nikipita."

"Na kama alitaka nione, mbona hajaleta tiketi? Leo Alhamisi!"

"Anangoja wewe useme kitu."

"Mimi nangoja yeye alete tiketi!"

Zaira aliinua macho juu ya miwani kwa mara ya kwanza, kisha akarudi kwenye soksi. "Maskini mimi," akasema. "Wako wawili."

Kindoano kilipanda, kikashuka.

"Tiketi ameichomeka kwenye utepe wa kofia," akaendelea. "Kila asubuhi anafika kona ya duka lako, anaona umeinamia kaunta, anarudi. Jana alikaa hapo ulipokaa, akaniambia anaogopa. Nikamwambia, unamwogopa mtoto uliyemfuta makamasi? Akasema ni uzi."

"Uzi gani?"

"Wa kifungo. Alisema siku ulipokishona ulizungusha uzi mara ishirini. Alihesabu. Ulikuwa unalia na hukumtazama, unazungusha tu. Akasema, binti yangu anashona hivyo kitu asichotaka kitoke maisha. Alimaliza asubuhi nzima kuukata, kwa wembe."

Mimi hushona vifungo vyote hivyo! Vya watoto, vya Ottorino, vya mito ya kochi. Nazungusha mara ishirini ili visidondoke nikarudia kazi. Kama ningekuwa nashona kifungo cha suruali siku ile, ningezungusha ishirini.

"Nami nikwambie langu," Zaira akasema, akikata uzi kwa meno. "Kuanzia Juni natembea na mtu anayevua kifungo kwenye kona ya kanisa na kukivaa tena kwenye kona ya nyumbani kwako. Nimemwambia Jumapili hii ndiyo ya mwisho. Akija na kifungo, aendelee na karata zake. Nilimzika mume wangu, nikamlilia, nikamaliza. Sitajificha kama kijana aliyeiba peremende." Akanirudishia soksi. Nilitafuta palipofumuka sikupaona. Alinitajia bei nikalipa, na hakunipunguzia hata kidogo, jambo lililonipendeza.

Ungedhani nilirudi moja kwa moja nikamwambia baba. Hapana. Alhamisi mchana nilimwambia koti lake linahitaji brashi. Ijumaa nilimwambia samaki ana miiba. Usiku wa kuamkia Jumamosi niliota nazungusha uzi.

Jumamosi watu ni wengi, kila mtu anataka picha yake kabla ya jiko. Mpaka saa sita mchana nilikuwa nimetoa hamsini na kitu. Mara mbili niliinua kichwa nikaona, pale kona, ukingo wa kofia ninayoijua. Mara mbili nikainamia kaunta tena, kama mtu mwenye kazi nyingi. Ya tatu nilipoinua kichwa, kona ilikuwa tupu.

Nyuma yangu Ottorino alikuwa anapanga filamu. "Argia," akasema, "jiko liwake saa ngapi leo?"

"Saa ile ile."

"Na zote zinaingia?"

"Zote zisizo na tiketi."

"Haya," akasema. Yeye akisema haya namna ile, ni matusi.

Nikaingia chumba cha giza nikafunga mlango. Juu ya meza kulikuwa bado na ile karatasi niliyoiunguza Jumatatu. Koti la baba, kofia, nguzo, watu wa nyuma, vyote vimekwisha kuwa usiku. Vilivyobaki vinaonekana ni viwili: koti la Zaira, ambalo sasa halikumeza chochote, na uso wa baba unaocheka na pengo lake. Mtu akitaka kuficha kitu hapiti mara tatu mbele ya kamera. Nami nilikuwa nimekaa siku sita ndani ya sheria yangu kama konokono, nikiiita uaminifu wa kazi.

Lakini kwa mdomo, kweli, hata mimi sikuweza. Lugha ya nyumba yetu ni kuulizana chumvi.

Dirisha letu la duka lina picha kumi na mbili. Ni sampuli, hubadilishwa kila wiki, na mji mzima husimama kutazama nani amepata nafasi. Ile ya katikati, juu kidogo ya nyingine, ni ya wachumba. Desturi haikuandikwa popote, ila mama wa wasichana huja kuniomba, na nikimweka mtu hapo, Jumatatu sonara anaandaa pete. Wiki ile walikuwepo binti wa mwokaji na yule kijana wake wa posta. Nikawatoa. Nikachukua picha nzuri ya themanini na tatu, nikaifuta vumbi kwa mkono wa blauzi, nikaingia dirishani kwa magoti, nikaitundika katikati. Pini nne. Nilipotoka Norma alikuwa upande wa pili wa kioo, mikono mashavuni. Nikamfanyia ishara aondoke. Hakuondoka, alikwenda kumwita dada yake.

Kisha nikarudi kaunta, nikainamia vitabu, na sikuinua kichwa.

Saa kumi na moja kengele ya mlango ililia. Nilijua hatua zake tangu nje. Alisimama mbele ya kaunta kama mteja, kofia mkononi, pumzi juu juu.

"Habari za jioni," akasema.

"Njema. Tiketi?"

Alihangaika na utepe wa kofia. Tiketi ilikuwa imekunjwa mara nne, na jasho la wiki nzima. Niliikunjua, nikasoma namba kwa sauti, kama ninavyowafanyia wote. Nikampa bahasha. Hakuifungua.

"Na ile ya dirishani?" akauliza.

"Ile ni ya duka. Itakaa wiki."

"Katikati."

"Ndipo palipokuwa na nafasi."

Baba aliingiza mkono mfukoni, akatoa kifungo cheusi, pini bado imening'inia, akakiweka juu ya kaunta kati yetu. Tulikitazama wote wawili. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyokumbuka.

"Mara ishirini nazungusha," nikasema, "kwa sababu vifungo vyako hudondoka. Tangu nikiwa mdogo vinadondoka, mama alikuwa anaviokota chini ya kitanda. Hakuna sababu nyingine."

"Ulikuwa unalia, Argia."

"Nilikuwa nalia na nilikuwa nashona. Hayo ni mambo mawili, baba."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. Nikaona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetua mzigo ngazi ya mwisho. Akafungua bahasha, akaitoa picha kidogo tu, mpaka kwenye uso wa Zaira, akaitazama, akairudisha.

"Koti lake limetoka jeupe sana," akasema.

"Kesho avae la rangi nyingine. Na mwambie chakula ni saa saba, si saa saba na robo, maana tambi za mchuzi hazimngojei mtu. Nakanda unga wa mayai sita."

"Sita ni mengi."

"Norma atajialika."

Hapo ndipo alipocheka. Kiganja kilianza kupanda kuelekea mdomoni, kwa mazoea, kikafika kifuani, kikasimama, kikarudi chini.

"Na Jumatatu," nikasema, "unakwenda kwa daktari wa meno."

"Zaira anasema niache hivi."

"Basi acha," nikasema, na nikafungua kopo la vifungo, nikatia cheusi humo pamoja na vingine.

Saa kumi na mbili Ottorino aliwasha jiko. Nikamletea boksi la zisizo na tiketi, ishirini na tisa, tukazitia pamoja. Mwisho alinyoosha mkono kuchukua ile nyeusi niliyoiunguza, niliyokuwa nimeishika kando.

"Na hiyo?"

"Hiyo siyo ya wateja," nikamwambia, na nikaiweka ndani ya droo yangu, chini ya mkasi.